Kazi Isiyo na Shahidi

Fundi akishapitisha kebo ya antena ndani ya ukuta wa nyumba ya kupanga kule Lurambi, Kakamega, na mwashi akapiga plasta juu yake, kazi hiyo imezikwa. Mwenye nyumba hataiona tena. Mpangaji atakayehamia mwakani hatajua hata ilipopita. Kinachobaki ni kitundu ukutani, kichwa cha chuma kinachoingia nyuma ya king'amuzi, na picha inayoonekana au isiyoonekana. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Jamhuri, Glaucon anasimulia habari za mchungaji aliyepata pete ya kumfanya asionekane, kisha anauliza kama yupo mtu ambaye angeendelea kutenda haki akiwa na pete kama hiyo kidoleni. Fundi wa Kakamega hahitaji pete, plasta inamtosha. Swali la Glaucon basi si la mbali kama linavyodhaniwa: kazi ambayo hakuna atakayeiona inatudai nini, na tunadaiwa na nani? Majibu mawili hutolewa upesi. La kwanza ni la dukani, kwamba kazi ni nzuri maadamu picha inaonekana. La pili ni la mimbarini, kwamba tufanye vyema kwa sababu Mungu anaona. La kwanza ni bovu, na la pili, kwa namna linavyosemwa mara nyingi, limepinda. Ninachodai ni kwamba deni la kazi iliyofichwa halitokani na kuwapo kwa shahidi bali na kukosekana kwake: kadiri mwenzako anavyozuiwa kuona, ndivyo deni lako kwake linavyokua.

Tuanze na kebo yenyewe, maana hoja ya maadili isiyokijua kitu inachokizungumzia huishia kuwa lawama tupu. Ukiikata kebo ya koaksia kwa kisu kikali utakuta katikati uzi wenye rangi ya shaba, unene wake kama milimita moja kwenye aina iitwayo RG-6. Uzi huo umezungukwa na plastiki nyeupe yenye povu; juu ya plastiki pana karatasi nyembamba ya alumini; juu ya karatasi pana wavu wa nyuzi ndogo ndogo zilizosukwa; na nje kabisa pana ganda, jeusi au jeupe. Mawimbi hayapiti ndani ya uzi kama maji ndani ya bomba. Hupita katika ile sehemu nyeupe iliyo kati ya uzi na wavu, na ni upana wa sehemu hiyo, pamoja na plastiki iliyoijaza, unaoipa kebo kipimo chake cha omu 75, ambacho king'amuzi na runinga vimeundwa kukitegemea. Ndiyo maana mambo yanayoonekana madogo huwa na madhara makubwa. Kishikizo kikigongomelewa hadi kebo ikabonyea, kipimo kimebadilika pale pale na sehemu ya mawimbi hurudi ilikotoka. Kona ikikunjwa kwa ukali, mambo ni yale yale. Kebo yenye unene wa milimita 7 hutaka kona ya mviringo yenye nusu kipenyo cha kama sentimita 7. Uzi mmoja wa wavu ukisahaulika ndani ya kichwa na kugusa uzi wa katikati, mawasiliano yamekatika. Na kebo ikipelea, fundi mwenye haraka huunga kipande kingine kwa kusokota uzi na uzi, wavu na wavu, akazungushia tepu, na plasta ikafunika. Kila mojawapo ya makosa haya huokoa dakika chache tu. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Fundi ndiye pekee ajuaye vimeundwaje.

Zamani picha yenyewe ilikuwa shahidi. Katika matangazo ya analogi kila dosari ilijionyesha kwa kiasi chake: mawimbi yakipungua, chenga ziliongezeka, yakirudishwa na kebo iliyobonyea au kiungo kibaya, huenda kivuli kikaonekana kando ya mtangazaji. Mwenye nyumba hakujua jina la kosa, lakini alijua kwamba kuna kosa. Mambo yalibadilika Kenya ilipohamia dijitali. Watu wanakumbuka zaidi mvutano wa Februari 2015, Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wake na vituo vya kampuni tatu kubwa za habari vikatoweka hewani kwa karibu wiki tatu, huku tarehe ya mwisho iliyokubaliwa kimataifa, Juni 17, 2015, ikikaribia. Hawakumbuki sana badiliko lililotokea ndani ya ukuta. Matangazo ya dijitali hubeba taarifa za ziada zinazokiwezesha king'amuzi kusahihisha makosa ya njiani. Picha hubaki safi kabisa hadi mawimbi yanapofikia kikomo fulani, kisha hukatika vipande vya miraba, hukwama, na kutoweka. Kwa masafa ya karibu megahazi 600, mita 30 za kebo nzuri ya RG-6 hufikisha kama thuluthi moja tu ya nguvu iliyoingia, na kebo nyembamba ya RG-59 yenye urefu huo huo hufikisha kama robo. Penye mawimbi yenye nguvu, tofauti hiyo haionekani kwenye kioo hata kidogo, wala kiungo cha kusokota hakionekani. Kwa maneno mengine, mtambo umejifunza kumfichia fundi makosa yake. Siku ya kukabidhi kazi, kazi mbovu na kazi nzuri hutoa picha moja.

Hapo ndipo jibu la dukani linapoanguka. Fundi anayesema "si picha inaonekana?" anatoa ushahidi usiothibitisha anachotaka kukithibitisha. Anachouza si picha ya leo alasiri. Anauza njia itakayodumu, na kuhusu njia hiyo picha ya leo haisemi lolote. Kakamega hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi ikishuka alasiri kwa radi. Kichwa cha kebo kilichoachwa wazi juu ya mlingoti, bila kifuniko cha mpira na bila kebo kuachwa ining'inie kidogo ili maji yadondokee chini badala ya kuufuata mkondo wake, hunywa maji polepole. Wavu huyavuta maji hayo ndani, huota kutu, na nguvu hupungua wiki baada ya wiki bila picha kubadilika, hadi siku kikomo kinapovukwa. Kufikia hapo fundi alishalipwa zamani. Na atakayelaumiwa ni kituo cha televisheni, au king'amuzi, au hali ya hewa. Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na wanaotuambia tusihangaike na maadili kwa kuwa soko litamwadhibu fundi mbaya. Soko huadhibu kosa linalotambulika na mwenye kosa anayejulikana, na hapa vyote viwili havipo. Methali yasema njia ya mwongo ni fupi. Ndani ya ukuta ni ndefu vya kutosha kumfikisha mwongo kwake salama. Zaidi ya hayo, Kant alishaonyesha mwaka 1785, kwa mfano wa mwenye duka asiyempunja hata mtoto ili asipoteze wateja, kwamba kutenda sawa kwa ajili ya biashara si sawa na kutenda kwa sababu ni wajibu. Biashara ikibadilika, na uaminifu wa aina hiyo hubadilika.

Tutafute basi mwongozo penye mapokeo ya dini, ambayo katika Kaunti ya Kakamega na jirani zake yana mizizi mirefu. Katika Uislamu, ambao Mumias ni mojawapo ya vituo vyake vya kale magharibi mwa Kenya, ipo hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim inayolihusu jambo hili moja kwa moja. Mtume alipita sokoni penye lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Muuzaji alipoulizwa alisema ni mvua iliyonyesha. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akatangaza kwamba mdanganyifu si mwenzake. Tuyaangalie vizuri mambo ambayo hayakusemwa hapo. Muuzaji hakukatazwa kuuza nafaka iliyolowa, wala hakulaumiwa kwa mvua. Hakuambiwa kwamba kila mtu lazima anunue nafaka ya daraja la kwanza. Alichotakiwa ni kubadilisha mahali pa unyevu: utoke chini uje juu. Kosa lilikuwa katika mpangilio wa lundo, yaani katika kile ambacho mnunuzi aliachwa akiamini. Na kipimo hicho hakitegemei kama mnunuzi angekuja kugundua. Kingekuwa kile kile hata kama mkono haungeingizwa kamwe.

Mapokeo ya pili ni ya Kanisa la Friends, au Quaker kama wengi wanavyowaita. Wamishonari wake Wamarekani watatu walifika Kaimosi, sasa katika Kaunti ya Vihiga, mwaka 1902, na shirika lao lilijiita misheni ya viwanda: pamoja na Injili walileta mashine ya kupasulia mbao na ufundi mwingine, kana kwamba sala na randa ni kazi za siku moja. Leo Kenya ina Wafriends wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Msimamo wao wa tangu karne ya 17, uliowatia wengi gerezani kule Uingereza, ni kukataa kula kiapo. Hoja yao ni nzito kuliko inavyoonekana. Anayeapa mahakamani kwamba sasa atasema kweli anadokeza kwamba nje ya mahakama ana kiwango kingine. Mkweli hana viwango viwili, hivyo hana cha kuapia. Ihamishie hoja hiyo kwenye ufundi. Fundi anayefunga vizuri kebo inayoonekana ukumbini, akainyoosha na kuipanga kwa vishikizo vya nafasi sawa, kisha akaisokota ovyo ile iliyo darini, ana viwango viwili. Na mwenye viwango viwili hana kiwango hata kimoja, kwa maana ile kazi safi ya ukumbini nayo haikutokana na kuijali kazi. Ilitokana na macho ya watu.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa muumini mwenyewe. Atasema: kuna haja gani ya mzunguko wote huu? Mungu yuko darini pia. Hakuna kazi isiyo na shahidi. Fundi akilikumbuka hilo atafunga kebo vizuri. Simpingi kuhusu Mungu kuwa darini. Ninachokataa ni kumfanya Mungu msimamizi wa mjengo. Fundi anayeacha kupunja kwa sababu tu kuna jicho limwangalialo bado ni mtumwa wa jicho. Amebadilisha tajiri tu. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakolosai kuhusu watumwa wanaofanya kazi kwa bidii pale tu wanapotazamwa, hakuishia kuwaongezea mtazamaji mwingine wa kuwatisha. Alitaka moyo wao uwe mmoja. Na mafundisho ya Waislamu kuhusu ihsani, kumwabudu Mungu kana kwamba unamwona, huanza na mja anavyoona kabla ya kufika kwenye kuonwa kwake. Nikiisoma imani hiyo kwa makini, naona inafundisha kwamba ukweli wa kitu hauumbwi na macho ya watu. Kiungo kilichosokotwa kimesokotwa, awepo wa kukiona au asiwepo. Muumini ana jina la huyo ambaye mbele yake kila kitu kiko kama kilivyo. Asiyeamini hana jina hilo, lakini kiungo ni kile kile na mpangaji aliyedanganywa ni yule yule. Imani humwongezea fundi nguvu ya kuendelea pasipo shukrani, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo deni lilikuwapo kabla ya nguvu ya kulilipa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la umaskini. Watu wengi wa Kakamega huhesabu shilingi kabla ya kununua mita moja ya kebo, na fundi mwenyewe anaishi kwa kibarua cha siku. Je, kudai ubora usioonekana si kuwabebesha maskini anasa ya matajiri? Ingekuwa hivyo kama ubora ungekuwa na maana ya bei. Lakini tazama jambo moja la kifundi. Kebo nyingi za bei nafuu hazina shaba tupu katikati; uzi wake ni chuma kilichopakwa shaba, na sumaku ndogo ikikaribishwa kwenye ncha iliyokatwa huuvuta papo hapo. Je, huo ni udanganyifu? Kwa antena ya kawaida, la. Kwa masafa ya juu umeme hupita kwenye ngozi ya uzi tu, katika kina kisichofika hata sehemu tatu za elfu moja za milimita, na ngozi hiyo ni shaba. Chuma kilicho ndani hakimpunguzii mtazamaji kitu. Lakini kwenye dishi kebo hiyo hiyo hupeleka pia umeme wa volti 13 au 18 wa kuendesha kifaa cha kupokelea kilicho mbele ya dishi, na umeme huo hutumia uzi mzima, hadi kiini. Chuma huupinga kuliko shaba, na kebo ikiwa ndefu kifaa kinaweza kukosa nguvu. Bidhaa ni moja: katika kazi moja inafaa kabisa, katika nyingine ina shaka. Kwa hiyo fundi hawiwi na mteja kebo ghali. Anawiwa naye kebo inayofaa kazi yake, na kauli ya kweli kuhusu aliyoipata. "Hii si shaba tupu, kwa antena yako itatosha, siku ukinunua dishi tutaangalia upya." Sentensi hiyo haina gharama, na maskini anaihitaji kuliko tajiri, maana yeye hana fedha za kukosea mara mbili.

Lipo pia pingamizi la dharau: hii ni runinga tu. Mtu akikosa mechi au taarifa ya habari usiku mmoja hakuna aliyekufa. Maadili yana mambo makubwa zaidi ya kushughulikia. Ningeweza kujibu kwamba uaminifu haujifunzwi katika mambo makubwa, lakini kuna jibu lililo karibu zaidi na paa. Mlingoti wa antena ni chuma kilichoinuliwa juu ya nyumba katika eneo lenye radi nyingi, na kebo ni njia iliyonyooka kutoka kwenye chuma hicho hadi sebuleni. Kazi kamili hudai mlingoti na wavu wa kebo viunganishwe kwa waya mnene na fimbo ya chuma iliyopigiliwa ardhini. Waya huo hauzuii radi kupiga, lakini hupunguza hatari ya nguvu zake kuingia ndani ya nyumba. Sasa fikiria ulivyo katika macho ya mteja. Hauongezi ubora wa picha hata kidogo. Hauonekani unafanya kazi yoyote. Ukiachwa, nyumba inaweza kukaa miaka 20 bila tofauti, na mteja akaokoa fedha. Hapo tuna kazi iliyofichwa katika hali yake kamili: faida yake haionekani kamwe isipokuwa siku ambayo kukosekana kwake kunaweza kuua. Fundi aliyezoea kipimo cha "si picha inaonekana?" hana sababu yoyote ya kuufunga waya huo. Jambo dogo na jambo kubwa yako juu ya paa moja, na tabia inayoyaamua ni moja.

Wapo watakaosema kwamba sheria inatosha. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili na haki ya taarifa anazohitaji ili afaidike nazo, na bidhaa zinatakiwa kuwa na alama ya Shirika la Viwango. Ni vizuri, na inafurahisha kwamba Katiba nayo imeweka ubora na taarifa pamoja, kama ile hadithi ya nafaka. Lakini alama iliyochapishwa kwenye ganda la kebo haiwezi kueleza kebo ilikunjwaje baada ya kutoka dukani. Sheria inahitaji ushahidi, na ushahidi umepigwa plasta. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi mwaminifu ni kumpa mteja ushahidi ambao angeweza kumnyima: kupiga picha za ukuta kwa simu kabla haujafunikwa na kumkabidhi mwenye nyumba, kumwachia kipande cha kebo chenye maandishi ya aina yake, kumwambia penye kiungo na kwa nini kipo. Vyuo vya ufundi kama Sigalagala vinaweza kulifundisha hili kama sehemu ya kazi yenyewe. Ujinga nao hauwezi kuwa kinga: anayejiita fundi mbele ya mtu asiyejua amemwomba mtu huyo aache kutazama, na hawezi baadaye kujitetea kwamba naye alikuwa hatazami.

Mteja naye hana usafi wa bure. Anayepunguza bei hadi fundi asiweze kununua vichwa vya kubana, kisha akakataa kusikiliza maelezo kwa sababu "we funga tu", ameshiriki kulifumba jicho lake mwenyewe. Kwa mtu kama huyo deni la fundi hupungua, maana aliyeambiwa na akachagua hakudanganywa. Lakini haliishi. Nyumba nyingi zinazozunguka Chuo Kikuu cha Masinde Muliro ni za kupanga, na atakayekaa chini ya mlingoti ule usio na waya wa ardhini ni mwanafunzi ambaye hakuwapo bei ilipokatwa, hakumchagua fundi, na hakuna aliyemuuliza lolote. Makubaliano ya wawili hayawezi kufuta haki ya wa tatu. Fundi aliyeambiwa na mwenye nyumba aache waya huo ana ruhusa ya kuacha kazi. Hana ruhusa ya kuifunga hivyo.